Swali Aliloacha Mama Phelista

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo Kamukuywa iliamkia ukungu mzito, na manyunyu yalidondoka polepole juu ya mahindi yaliyofika magotini. Sellah Wabwile alikuwa ametandaza sweta za shule kwenye turubai kando ya barabara ya Kitale, akimwomba Mungu jua litoke kabla uzi haujanywa maji, wakati mwanamke mwenye mwavuli mwekundu aliposimama mbele yake na kumkazia macho.

Alikuwa Linah. Walikalia dawati moja shule ya msingi, kabla Linah hajaenda Kitale kusuka watu nywele.

"Sasa, Sellah. Ati ni wewe unaandikanga ile blogu ya mama anayesahau?"

Sellah akacheka kwa haya. Akamuuliza ameijuaje.

"Si tunaisoma darasani, bana. Nimerudi shule, masomo ya jioni. Mwalimu wa Kiswahili alitupa kazi: kila mtu atafute blogu, aandike maoni ya maana, si haya ya 'pole dada'. Bethwel akachagua yako. Akapata kumi na nane kwa ishirini. Mwalimu aliyasoma mbele ya darasa, wengine tukalia."

"Bethwel yupi?"

"Kipsang. Yule wa kinu cha mahindi. Ni mtu wa kusali huyo, hata ndiye hufungua darasa kwa maombi. Lakini kwa hizo alama ashukuru mama yako."

Linah alinunua sweta moja ya mtoto wake, akaacha salamu kwa mama yake Sellah, akaenda zake. Hakujua alichokifanya. Ulimi hauna mfupa, na Linah hakuwa na ubaya wowote moyoni. Lakini Sellah alibaki ameshika sweta nyingine kwa muda mrefu, manyunyu yakiingia kwenye uzi, na hakuondoa turubai.

Maana huyo Bethwel ndiye mwanamume Sellah aliyempenda.

Miaka miwili kabla ya hapo Sellah alikuwa karani mjini Bungoma, na maisha yake yalikuwa yamenyooka. Kisha mama yake, Phelista, alitoka kanisani Jumapili moja akapotea njia aliyoipita miaka hamsini. Walimkuta jikoni kwa watu asiowajua, amekaa anamenya ndizi zao, na wenye nyumba wanamtazama tu. Sellah hakuwa na ndugu. Baba alikuwa kaburini. Aliacha kazi, akarudi nyumbani Kamukuywa, akanunua mashine ya kufuma sweta, akaanza kumlea mama yake kama mtoto.

Akaanza pia kuandika. Aliandika kwa simu, huku mama akisinzia kando yake, kwa sababu kuna mambo ukiyanyamazia yanakuozea ndani. Blogu aliipa jina *Mama Anasahau*. Watu walisoma. Chini ya kila andiko waliacha maneno yao: pole dada, Mungu yupo, amina, nimelia. Mwingine alileta dawa ya mizizi na namba ya simu. Sellah aliwashukuru wote, lakini alijua wengi wameishia mstari wa tatu.

Siku moja aliandika jinsi mama alivyotia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote. Jioni akakuta maoni haya:

*"Nimesoma mpaka mwisho. Umesema mama alikunywa chai ya chumvi bila kukunja uso, na wewe ukalia. Nimejiuliza: alipokuwa msichana, kwao walikunywa chai ya sukari? Labda hajakosea. Labda amerudi nyumbani. – Bethwel K., Kitale."*

Sellah alikasirika kidogo. Nani huyu anamfundisha habari za mama yake? Lakini maneno yalimkaa, na wakiwa wanakula alimsomea mama kwa sauti.

Mama Phelista, ambaye wiki nzima hakuwa ametamka sentensi kamili, aliweka kijiko chini.

"Sukari ilikuwa ya wageni," akasema. "Sisi tulitia chumvi. Mama yangu alisema chumvi inatoa baridi kifuani."

Sellah alitoka nje akalia kwa furaha nyuma ya jiko.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Sellah anaandika, Bethwel anasoma mpaka mwisho, anashika kitu kimoja ambacho wengine wamekipita, anauliza. Sellah anamsomea mama swali, na mama anafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Wakati fulani Sellah aliandika kwamba kila machweo mama anasimama langoni anaita jina moja, Naliaka, Naliaka, na hakuna Naliaka katika ukoo wao wote. Watu wakaandika pole. Bethwel akauliza: anaita akielekea upande gani?

Sellah hakuwa amefikiria. Kesho yake aliangalia. Mama alielekea Tongaren, walikohamia akiwa mtoto, wakati wa kugawiwa mashamba. Akamsomea swali, na mama akamweleza polepole kwamba Naliaka alikuwa mdogo wake, aliyezaliwa wakati wa palizi, aliyetumwa maji mtoni na hakurudi. Waliambiwa wasimtaje tena. Sellah alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na hakuwa amejua kwamba aliwahi kuwa na mama mdogo.

Ndipo akampa Bethwel namba yake ya simu.

Alikuwa akipiga mchana, umeme ukikatika Kitale. Sellah aliambiwa tu kwamba kazini kwake kuna mashine, na mashine ikinyamaza mtu anapata nafasi. Basi Sellah akawa mwanamke pekee Kenya nzima anayeomba stima zipotee. Walicheka kwa hilo. Walisali pamoja kwa simu, yeye akishika mkono wa mama huku, naye akiwa amesimama sijui wapi huko. Hawakuwa wameonana. Alisema atakuja Agosti.

"Wewe lazima ni mwalimu," Sellah alimwambia mara moja. "Mtu hawezi kusoma hivi kama hafundishi."

Bethwel akacheka kidogo.

"Mimi nafundishwa na maisha tu."

Sellah aliona ni unyenyekevu. Kuanzia hapo alimwita Mwalimu, naye akaitika.

Na wiki hiyo hiyo ya Linah, mama Phelista alikuwa amefanya jambo jipya. Baada ya kujibu swali, alimgeukia Sellah na macho yaliyotulia kabisa.

"Huyu mtoto anauliza sana habari ya mama za watu. Mwambie na mimi nauliza. Wake yuko wapi?"

Sellah aliandika huku anatabasamu, chini ya maoni ya Bethwel: *Mama anakuuliza, na mama yako wewe yuko wapi?*

Bethwel hakujibu. Yeye ambaye hakuwahi kupitisha siku, alinyamaza. Stima zilipotea na kurudi, simu haikulia. Sellah alikuwa amejiambia labda anaumwa. Sasa, amesimama kwenye manyunyu, alidhani ameelewa. Kazi ya darasa ilikuwa imekwisha.

Alimpigia hapo hapo. Simu ilipopokelewa, alisikia kwa mara ya kwanza sauti ya kinu kikinguruma, na watu wakiitana juu ya magunia.

"Sellah."

"Maoni yako kwa blogu yangu yalikuwa ya nini, Bethwel?"

Kinu kikazimwa.

"Nani amekuambia?"

"Ulipata ngapi?"

"Sellah, nisikize kwanza."

"Nakuuliza ulipata ngapi."

"Kumi na nane."

"Na zile mbili zilikatwa kwa nini?"

Sauti yake ikashuka.

"Mwalimu alisema maoni mazuri yana vitu vitatu. Uonyeshe umesoma, uulize, na utoe kitu chako mwenyewe. Alisema mimi sikutoa changu. Nimeuliza tu."

"Amesema ukweli. Mimi nimekupa mama yangu. Nimekupa Naliaka. Wewe umenipa nini? Nimekuita Mwalimu miezi yote hii, ukaitika."

"Niliona aibu. Mwanamume wa miaka thelathini na saba, kidato cha pili, unga kwa masikio. Ya kwanza ndiyo ilikuwa ya darasa. Zingine zote zilikuwa zangu, Mungu anajua."

"Na swali la mama? Mbona hujajibu?"

Upande wa pili gunia likaburutwa sakafuni.

"Jibu, basi. Ni swali dogo."

"Hilo siwezi kulijibu kwa simu."

"Basi usilijibu," Sellah alisema, akakata.

Ujumbe uliingia kabla hajarudisha simu mfukoni: *"Nisamehe. Sikukudanganya nilipouliza. Nilidanganya nilipoitika. Namwombea mama."* Aliusoma, akaufuta, akaifungia namba ile. Kisha akaingia kwenye blogu akafunga sehemu ya maoni, watu wote wasiandike tena, wabaya na wazuri.

Jioni hiyo mama alikula uji wake, akapangusa midomo, akangoja.

"Yule wa Kitale ameuliza nini?"

"Amesafiri, mama."

Kesho yake akauliza tena. Na kesho yake. Alikuwa amesahau jina la binti yake, akimwita dada, mara nyingine akimwita nesi, lakini hilo hakulisahau. Sellah akaona ni dhambi kumnyima. Akajitungia swali mwenyewe, akashika simu kama anayesoma.

"Anauliza, Krismasi mlipika nini kule Tongaren?"

Mama alimtazama kwa muda.

"Huyo si yeye," akasema. "Huyo ni wewe."

Sellah akaweka simu mezani.

"Amenijibu?"

"Bado, mama."

"Basi namdai."

Sellah alikuwa mtu wa maombi. Alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia Mungu amwondolee hasira ile, na kila mara aliinuka nayo. Alijua kuna kitu kidogo angeweza kufanya, kubonyeza mahali pamoja tu kwenye simu, na mlango wa mama ungefunguka tena. Mara moja kidole kilifika hapo. Akawaona wanafunzi wa jioni wamekaa wanasikiliza habari za Naliaka, mwalimu ameshika kalamu nyekundu. Akarudisha kidole.

Mwezi wa saba mvua zilizidi. Mama alitoka langoni kuita jina lake la kila machweo, akarudi amelowa, na baridi ikaingia kifuani. Hospitalini walimpa dawa, wakasema apelekwe nyumbani akae mahali pakavu. Hakupata nafuu. Siku ya mwisho, mwanga ukiwa bado dirishani, alimshika Sellah mkono kwa nguvu ambazo Sellah hakujua bado anazo.

"Amenijibu?"

Sellah alitaka mama yake apumzike. Alitaka hilo tu.

"Amekujibu, mama."

Uso wa mama ukafunguka.

"Amesemaje?"

Sellah alifungua mdomo. Hakuna neno lililokuja. Hakujua hata kama Bethwel ana mama au hana. Miezi yote ile alikuwa amepokea maswali akafurahi, na yeye mwenyewe hakuwahi kumuuliza mtu yule hata moja. Mama alingoja. Alingoja kwa subira, kama mtu anayengoja uji upoe, macho yakiwa kwenye midomo ya binti yake. Akangoja mpaka macho yenyewe yakafumba, na hayakufumbuka tena.

Sellah aliandika andiko la mwisho, mistari miwili. *Mama Phelista amepumzika. Tunamzika Ijumaa, nyumbani Kamukuywa.* Chini yake hapakuwa na nafasi ya mtu kuandika chochote.

Siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo ulikusanyika uani ili wafiwa wanyolewe. Kwao, kabla wembe haujagusa kichwa, madeni ya marehemu hutajwa hadharani, asibaki mtu na kinyongo na kaburi. Baba mdogo Bramwel, ndugu wa marehemu baba yake Sellah, alisimama katikati. Alikuwa mzee mwenye sauti kubwa na mzaha usiokoma hata kwenye msiba.

Alisema kama kuna mtu anayemdai marehemu, au marehemu anamdai, aseme leo, maana baada ya wembe hataki kumsikia akinong'ona sokoni. Jirani mmoja akasema alikuwa ameazima ungo, na ameuleta. Mwingine akasema marehemu alimwahidi mche wa parachichi. Bramwel akaamuru uchimbwe sasa hivi, na asithubutu kuchukua ule mkubwa. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kulia.

"Mwingine?"

"Mimi," sauti ikasema kutoka nyuma. "Mama ananidai."

Sellah alikuwa amekaa mkekani, ameinamisha kichwa. Hakukiinua. Sauti ile aliijua kuliko uso wowote uliokuwa pale.

Watu wakapisha. Akaja mbele mwanamume mrefu mwenye koti lililombana mabegani, kofia mkononi. Nyuma ya masikio, pale maji ya haraka hayafiki, palikuwa na weupe wa unga.

"Wewe ni mtoto wa nani?" Bramwel akauliza.

"Naitwa Bethwel Kipsang, baba. Nafanya kazi Kitale, kwetu ni Cheptais, huko mlimani. Hata Ijumaa nilikuwa hapa. Nilisimama huko nyuma."

"Mtu wa mlimani. Na marehemu anakudai nini? Ng'ombe?"

"Jibu, baba."

Watu wakatazamana. Bethwel akaeleza kwa kifupi: kwamba alikuwa akimuuliza mama huyu maswali kupitia kwa binti yake, naye mama akamuuliza yeye moja tu, akashindwa.

"Deni la jibu sijawahi kulisikia," Bramwel akasema. "Lakini deni ni deni. Lipa."

Bethwel aligeukia kaburi. Udongo ulikuwa bado mbichi.

"Mama, uliniuliza mama yangu yuko wapi. Yuko Cheptais. Anaitwa Chepkemei." Akameza mate. "Baba yetu alipokufa nilikuwa nimeitwa kidato cha kwanza. Mama akaniambia niache shule nishike jembe, wadogo wangu wasome. Nililima msimu mmoja. Kisha nikafunga nguo zangu, na nikamwambia mbele ya watoto wale, 'Kuanzia leo mimi sina mama.' Sijarudi. Maswali yote niliyokuuliza, ya chai, ya Tongaren, nilitaka kumuuliza yeye. Niliogopa. Nikauliza mama ya mtu. Ndiyo maana ulipouliza sikuwa na neno. Hilo ndilo jibu langu. Nimechelewa nalo."

Mahali fulani nyuma mama mmoja akasema polepole, "Mungu wangu."

Sellah akainua kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Aliniuliza umesemaje," akasema. "Saa yake ya mwisho. Nilimdanganya kwamba umejibu, akaniuliza umesemaje, nikakosa la kumwambia. Sikujua kitu chako hata kimoja kwa sababu sikuwahi kuuliza. Alikufa akingoja midomo yangu."

"Sellah..."

"Sijakusamehe yote. Lakini hilo la mwisho si lako. Ni langu."

Bethwel akafunika uso kwa kofia. Mabega yalitikisika, na koti lile likazidi kumbana. Bramwel alimwacha alie mpaka akatosheka. Alipozungumza, mzaha ulikuwa umemtoka.

"Umejibu yuko wapi. Mimi nauliza utaenda lini."

"Nimejaribu, baba. Mara mbili nimefika soko la Cheptais. Nikaona njia ya kwetu, nikarudi."

"Sikuuliza umejaribu lini."

"Jumamosi," Bethwel akasema. "Jumamosi hii."

"Umesema mbele ya kaburi. Nani anashuhudia kwamba hutageuka tena pale sokoni?"

Wembe ulikuwa tayari kwenye karai, na wanawake walikuwa wamemzunguka Sellah kwa kitambaa. Akawasukuma kwa upole, akasimama.

"Mimi. Nitaenda naye."

"Binti yangu." Bramwel alishusha sauti, ingawa wote walisikia. "Kwenda na mtu kwa mama yake si kwenda sokoni. Huku kwetu na huko kwao, watu wana macho. Fikiri, ndipo useme."

"Nimefikiri tangu mwezi wa sita, baba. Na nimechoka kufunga milango."

Aligeuka, akasimama upande wa kaburi uliokuwa mtupu, Bethwel upande wa pili, udongo wa mama katikati yao. Alisema kwa sauti iliyofika mpaka langoni, pale mama alipozoea kusimama machweo.

"Mbele yenu nyote, na mbele ya mama: Jumamosi nitapanda Cheptais na huyu mtu. Akisimama mlangoni akakosa neno, nitamshika mkono niseme mimi, 'Mama Chepkemei, mwanao amekuja. Ana swali.' Na atakachojibu mama yake, nitakisikiliza mpaka mwisho."